Kadi ya Biashara na Swali la Anwani: Historia Fupi kutoka Arusha Mjini hadi Olasiti

Kadi ya biashara, yaani kipande kidogo cha karatasi nene kinachobeba jina la mtu, kazi yake na namna ya kumpata, ni miongoni mwa nyaraka ambazo wanahistoria huzipita bila kuzitazama, kwa sababu ni ndogo na kwa sababu hutupwa mara tu zinapopitwa na wakati. Hata hivyo, katika mji kama Arusha, ambao kwa muda mrefu umeishi kwa kupokea wageni na kuwaelekeza kwingine, kadi hiyo inaonyesha jinsi watu walivyotafutana katika kila kipindi. Hoja ya makala haya ni kwamba sura ya kadi imefuata mabadiliko ya anwani zaidi ya mitindo ya urembo, na kwamba kata ya Olasiti, iliyoko upande wa magharibi wa jiji karibu na uwanja wa ndege wa Arusha, ni mahali pazuri pa kuiona historia hiyo ikiendelea.

Desturi yenyewe ilikomaa mbali na Mlima Meru. Katika London ya mwanzoni mwa karne ya 18, wakati nyumba za mji huo zilikuwa bado hazijapewa namba, wenye maduka waligawa karatasi zilizochapwa kwa mabamba ya shaba yaliyochongwa, zikionyesha ishara iliyotundikwa mlangoni pa duka na kutaja mtaa au jengo maarufu la jirani. Mchoraji William Hogarth alijichongea kadi ya namna hiyo mwaka 1720, alipoanza kufanya kazi kwa kujitegemea. Sambamba na kadi hizo kulikuwa na kadi za kuamkia, ambazo watu wa tabaka la juu waliziacha nyumbani kwa mwenyeji ili ajue ni nani aliyekuja kumtembelea. Kadi ya biashara ya leo imezirithi zote mbili, kwani imechukua maelekezo ya njia kutoka kwa ile ya kwanza na heshima ya jina kutoka kwa ile ya pili. Picha zilizopamba kadi za London zilikuwa na kazi, kwa kuwa mteja asiyeujua mtaa aliitambua ishara ile ile alipofika mlangoni.

Mitambo ya chapa iliifikia pwani ya Waswahili katika nusu ya pili ya karne ya 19, kupitia wamisionari wa Kianglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) huko Zanzibar na kupitia Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kuanzisha matbaa yake. Arusha ilianza kukua kuwa mji baada ya Wajerumani kujenga boma lao karibu na mwaka 1900, ikaingia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916, na reli kutoka Moshi ikaifikia mwaka 1929, jambo lililorahisisha biashara ya walowezi wenye mashamba na ya wenye maduka wa asili ya Kihindi. Katika enzi hiyo kazi ndogo za chapa, kama risiti, mialiko na kadi, zilifanywa kwa herufi za risasi, yaani vipande vya madini vyenye umbo la herufi lililogeuzwa, ambavyo mchapaji alivipanga kimoja kimoja, akavipaka wino na kuvikandamiza juu ya karatasi. Kwa kuwa kila rangi ya ziada ilidai karatasi ipitishwe mashineni upya, wino mmoja ulikuwa ndio unafuu, na uzuri wa kadi ulitegemea mpangilio wa maneno na nafasi iliyoachwa wazi.

Kadi ya wakati huo haikuhitaji kutaja nyumba. Posta ya Afrika Mashariki haikuwa na utaratibu wa kupeleka barua mlango kwa mlango, bali mpokeaji alikodi sanduku la posta na kuzifuata barua zake mwenyewe, na kwa hiyo herufi S.L.P. pamoja na namba vilitosha kuwa anwani kamili. Kampuni kubwa ziliongeza anwani ya telegramu, yaani neno moja lililosajiliwa posta ili mtumaji asilipie maneno mengi. Anwani za namna hizo zilimfikia mwenye biashara bila kusema alikokaa, na pengo hilo halikuonekana kuwa tatizo maadamu mji ulikuwa mdogo na kila duka lilijulikana.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadili hadhi ya mtu aliyetajwa kwenye kadi. Masharti yake yaliwakataza viongozi kumiliki hisa au kuwa wakurugenzi katika kampuni za kibepari, na mashirika ya umma yakashika sehemu kubwa ya uchumi, kiasi kwamba cheo katika shirika kilikuwa na uzito kuliko jina la mwenye duka. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka makao yake makuu Arusha, lakini ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983, hali iliyoiumiza biashara ya utalii ya mji huo. Uchumi ulipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi, kampuni binafsi za safari ziliongezeka, na kadi ya mtu binafsi ikarudi mezani.

Kipindi hicho kilileta haja mpya, ambayo ni kuaminiwa na mgeni. Mtalii aliyefikiwa barabarani na kijana anayeuza safari ya Serengeti hakuwa na njia rahisi ya kutofautisha kampuni halali na ya mfukoni, kwa hiyo nembo, namba ya leseni ya wakala wa utalii, simu ya mezani na faksi vilisimama kwenye kadi kama mashahidi. Kuja kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994, na kufufuliwa kwa Jumuiya kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, kuliongeza mikutano, na mikutano ni mahali ambapo kadi hubadilishwa mikono kwa wingi.

Baadaye simu za mkononi, zilizoanza nchini mwaka 1994, ziliivuruga kadi kwa namna ambayo wabunifu wa leo wangepaswa kuijua. Namba za mezani za Arusha zilizokuwa zikianza na 057 zilihamia 027, kisha katikati ya muongo wa 2000 namba za mkononi nazo zikabadilishwa, 0744 ikawa 0754 na 0748 ikawa 0784, na rundo lolote la kadi lililochapwa kabla ya hapo likawa linaelekeza kusikofika. Kadi ya karatasi isiyong'arishwa ingeweza kusahihishwa kwa kalamu, ilhali ile iliyofunikwa kwa plastiki laini haikushika wino, na hivyo mng'ao uliolipiwa kwa ajili ya kupendeza ukawa sababu ya kuitupa.

Olasiti imekua ndani ya mazingira hayo. Eneo lililokuwa na mashamba na maboma ya Waarusha limejaa viwanja vya makazi, gereji, maduka na nyumba za wageni, na kwa muda mrefu mteja alielekezwa kwa kutajiwa uwanja wa ndege, kanisa, shule au kituo cha daladala, kama vile London ilivyotegemea ishara za milangoni. Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika nchini mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilitoa majina ya barabara na namba za nyumba, na kwa mara ya kwanza fundi au mama lishe wa pembezoni anaweza kuchapa mahali alipo kwa namna inayotambulika kiserikali. Nyuma ya kadi hiyo hiyo anaweza kuweka namba ya kulipia kwa simu, pamoja na msimbo wa miraba (QR) uliobuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994, ambao simu huusoma na kuonyesha ramani.

Vipimo vyenyewe ni vya kawaida. Kadi ya milimita 85 kwa 55 inakaribiana na ya benki na hukaa ndani ya pochi, na karatasi moja ya A4 hutoa kadi kumi katika steshenari yoyote yenye printa na kikatio. Karatasi yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba haijikunji ovyo mfukoni mwa dereva wa safari, na upande mmoja usiong'arishwa humwachia mpokeaji nafasi ya kuandika. Namba ya simu ianze na +255 kwa ajili ya mgeni, na iwe kubwa kiasi cha kusomeka bila miwani. Mbunifu wa Olasiti anayetaka kadi itakayokumbukwa aanze kwa kumuuliza mteja wake atapatikana wapi na kwa njia gani, kisha ndipo achague rangi, kwa kuwa katika historia yote ya Arusha hakuna kadi iliyodumu kuliko anwani iliyoandikwa juu yake.