Gongo Lutete wa Ngandu na Mjumbe Aliyechelewa

Tangu tarehe 13 Machi 2024, Waziri wa Sheria alipoandika barua ya kuondoa zuio la kuwaua waliohukumiwa kufa, zuio lililodumu tangu 2003, maneno yamekuwa mengi hapa Kindu. Sokoni, bandarini, hata mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, watu husema: wasaliti na wanyang'anyi wapigwe risasi, nasi tupumzike. Uchungu wao twaujua, maana vita imezichosha nyumba zetu zote. Lakini kijana mmoja wa darasa letu la mafundisho alituuliza neno: "Mwalimu, nasikia ng'ambo wanapima damu na nywele kwa kipimo cha DNA kabla ya kumwua mtu. Sisi tunapima nini?" Siku ile hatukuwa na jibu. Twamjibu leo kwa kisa cha zamani, tena si cha mbali.

Wazee wa Maniema na wa Sankuru wanalijua jina la Gongo Lutete. Alitekwa utumwa akiwa mtoto, akapata uhuru wake, akapanda mpaka akawa mkubwa wa Tippu Tip katika nchi za mto Lomami. Mji wake ulikuwa Ngandu. Tusimpambe: alikuwa mwindaji wa watumwa, na vijiji vingi vilichomwa kwa amri yake. Wazungu waliofika Ngandu waliona mafuvu ya watu juu ya miti ya boma. Basi msomaji asidhani kwamba twamtetea mtu mwema. Kwa habari ya kesi, swali si kama mtu ni mwema au mbaya. Swali ni kama alitenda lile aliloshtakiwa.

Katika mwaka 1892 jeshi la Bula Matari, yaani Serikali ya Mfalme Leopold, likiongozwa na Bwana Francis Dhanis, lilimshinda Gongo. Mwezi wa Septemba mwaka huo akawaacha Waarabu, akajiunga na Serikali. Hapo ndipo vita ilipogeuka. Sefu, mwana wa Tippu Tip, akaja kutoka Kasongo kumwadhibu, akarudishwa nyuma. Maelfu ya watu wa Gongo wakamfuata Dhanis mpaka Lualaba. Tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ikatwaliwa, na tarehe 22 Aprili ikatwaliwa Kasongo. Vitabu vingi humsifu Dhanis kwa ushindi ule, naye alipewa cheo cha baron. Lakini sisi twaona ni shida kuamini kwamba angeuona mto huu wetu pasipo Gongo.

Gongo akarudi kwake Ngandu. Huko Serikali ilikuwa na maofisa wake wachache, na mmoja wao aliitwa Luteni Duchesne. Huyo akaamini kwamba Gongo anafanya njama: amewasaliti Wazungu, tena ataka kuwaua. Akamkamata. Baraza la kijeshi likaketi pale pale Ngandu, likamhukumu kufa. Mtu aliyeweza kusema, "Huyu alikuwa nami vitani, namjua," alikuwa Dhanis mwenyewe, naye alikuwa Kasongo, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Baraza halikumngojea.

Habari ya kukamatwa ilipofika Kasongo, Dhanis alimtuma Kapteni Sidney Hinde, mganga Mwingereza aliyekuwa katika jeshi lake, akimbilie Ngandu kuizuia hukumu. Hinde akaenda, akafika amechelewa. Tarehe 15 Septemba 1893 Gongo alikuwa amekwisha kupigwa risasi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1897 Hinde alisimulia kwamba Gongo alijaribu kujinyonga gerezani. Walinzi wakaikata kamba, wakamrudishia fahamu, kisha wakamtoa nje kumwua. Tumekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara mahali hapo hutusimamisha. Walikuwa na muda wa kumponya ili wamwue, wala hawakuwa na muda wa kumngojea shahidi.

Hinde na wenzake walioijua vita ile walisema wazi kwamba Gongo hakuwa msaliti. Lakini maneno yao yalikuja nyuma ya risasi.

Yaliyofuata yalikuwa makubwa. Wengi wa askari wa Gongo walikuwa wameingizwa katika jeshi la Serikali na kupelekwa Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Walikuwa na manung'uniko mengine pia, ya mshahara usiolipwa na ya kiboko. Tusiweke yote juu ya jambo moja. Lakini kifo cha bwana wao hawakukisahau. Tarehe 4 Julai 1895 waliasi, wakamwua mkuu wa ngome, Kapteni Pelzer, wakashika njia ya kurudi kwao Lomami. Katika Februari 1897 wenzao wakaasi tena huko kaskazini, Ndirfi, katika safari ya Dhanis mwenyewe, na ndugu yake Dhanis akauawa. Mapigano na waasi wale yaliendelea miaka mingine. Hatujui kuhesabu vijiji vilivyolipa deni la baraza lile la Ngandu.

Sasa turudi kwa swali la kijana. Kipimo cha DNA kilitokana na kazi ya mtaalamu Alec Jeffreys huko Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Kila mtu ana alama zake katika damu, mate na nywele, nazo hazifanani na za mwingine isipokuwa za pacha wake wa kufanana. Huko Marekani mtu mmoja, Kirk Bloodsworth, alihukumiwa kufa mwaka 1985 kwa kumwua mtoto wa kike. Mashahidi watano walisema wamemwona. Hukumu ile ilivunjwa, akahukumiwa tena, safari hii kufungwa maisha. Gerezani akasoma juu ya kipimo kipya, akaomba kipimwe kilichobaki katika nguo za mtoto. Mwaka 1993 ikaonekana si yeye, akafunguliwa. Miaka kumi baadaye, kipimo kile kile kikamtaja mwenye kosa. Tangu 2004 sheria ya serikali kuu ya Marekani inampa mfungwa njia ya kuomba kipimo hicho, ingawa hata huko si kila aombaye hupewa.

Sisi twasema kwa yakini: mahali palipo na kitu cha kupima, kipimwe, na mtu asiuawe kabla ya majibu. Asiye na fedha apimiwe kwa fedha za Serikali ile ile inayotaka kumwua. Anayeogopa kipimo anaogopa nini?

Lakini tumwambie kijana ukweli wote. Ngandu hapakuwa na damu ya kupima. Palikuwa na maneno tu. Na kesi nyingi zinazoleta hukumu ya kifo kwetu ni za namna hiyo: usaliti, njama, kumkimbia adui. Maneno nayo yana kipimo chake. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 13, Suzana alikuwa amekwisha kuhukumiwa, anapelekwa kuuawa, kwa ushahidi wa wazee wawili wenye heshima. Kijana Danieli akasimamisha watu, akawatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti ule. Hakuhitaji chombo cha maabara, alihitaji watu wakubali kusimama.

Jirani zetu wa Uganda wana kisa kinachotisha kuliko hicho. Edward Mpagi alikamatwa mwaka 1981, na mwaka 1982 akahukumiwa kunyongwa pamoja na ndugu yake mmoja, kwa kumwua mtu wa kwao. Mtu huyo alikuwa hai! Alionekana, watu wakasema naye, na bado Mpagi alikaa katika gereza la Luzira mpaka mwaka 2000, alipopewa msamaha. Ndugu yake alifia gerezani. Mwezi wa Aprili 1999 watu 28 walinyongwa katika gereza lile, naye Mpagi akiwa bado mle ndani. Kama zamu yake ingefika siku zile, nani angemrudisha? Hapo hapakutakiwa kupima damu wala nywele. Palitakiwa mtu mmoja aende kijijini akamtazame huyo marehemu.

Na sisi Kongo? Baada ya Rais Laurent-Désiré Kabila kuuawa mwaka 2001, baraza la kijeshi liliwahukumu watu 30 kufa, mwezi wa Januari 2003. Mmoja wao alikuwa Kanali Eddy Kapend, ambaye siku zote alikana. Hawakuuawa, na Januari 2021 Kapend na wenzake walitoka gerezani kwa msamaha wa Rais. Lakini mwezi wa Julai 2024, miezi michache tu baada ya barua ile ya Waziri, baraza la kijeshi katika Kivu ya Kaskazini liliwahukumu askari 25 kufa kwa kumkimbia adui. Kesi ilisikilizwa siku moja. Watu 25, siku moja.

Mwaka 2018 Papa Fransisko aliamuru namba 2267 ya Katekisimu iandikwe upya, kusema kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Msomaji asiyekubali bado mafundisho hayo, walau aanzie hapa: amri isitekelezwe mpaka yule aliyeko Kasongo afike na kusikilizwa.

Wazee wa Kasongo, Nyangwe na Lomami waliosikia kwa babu zao ni nani walimshtaki Gongo, na kwa nini, tunawaomba watuandikie au wamwite katekista wa karibu aandike. Habari nyingi tulizo nazo ni za Wazungu waliokuwapo. Za watu wa Ngandu wenyewe bado tunazikusanya.