Fahamu samaki wa gobi na mambo 6 ya kuzingatia kabla ya kumfuga

Ukipiga mbizi kwenye matumbawe ya Watamu, Mafia au Unguja, utaona visamaki vimetulia mchangani kwenye mdomo wa vishimo vyao. Wengi wao ni gobi. Jamii yao ina spishi zaidi ya 1,700, na nyingi hazizidi sentimita 10. Kwa gobi wengi, mapezi ya tumboni yameungana kama kikombe, kwa hiyo samaki hujigandisha juu ya jiwe hata mkondo ukiwa mkali.

Baadhi huishi shimo moja na kamba. Kamba haoni vizuri, kazi yake ni kuchimba. Gobi hukaa mlangoni kama mlinzi, huku kamba akimgusa kwa papasi zake. Hatari ikija, gobi hutikisa mkia na wote wawili wanazama ndani.

Gobi ni mpole na hahitaji tangi kubwa sana, ndiyo maana wanaoanza kufuga humpenda. Ila wengi hufa kwa sababu zinazoepukika. Zingatia haya:

1. Funika tangi. Gobi akishtuka anaruka, na asubuhi unamkuta sakafuni amekauka. Wavu wenye matundu madogo unatosha, na hewa inapita.

2. Mawe kwanza, mchanga baadaye. Gobi huchimba chini ya mawe. Jiwe likikalia mchanga, linaweza kumwangukia au kupasua kioo. Liweke juu ya sakafu ya tangi, kisha mwaga mchanga kama sentimita 5.

3. Usiwe na haraka. Tangi jipya linahitaji takriban wiki 4 hadi 6 ili bakteria wanaosafisha maji wakue. Pima kwanza: amonia na nitriti ziwe sifuri. Maji ya bomba yana klorini, usiyatumie bila kuyatibu.

4. Chunga chumvi na joto. Kipimo cha uzito wa maji kiwe 1.023 hadi 1.025, joto nyuzi 24 hadi 26. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, maana chumvi yenyewe haikauki. Umeme ukikatika mara kwa mara kwenu, nunua pampu ya hewa ya betri.

5. Jua anakula nini. Gobi mlinzi wa njano hula vipande vya kamba na vyakula vya kugandishwa. Lakini gobi wanaochekecha mchanga mdomoni hutegemea vijidudu vya humo. Kwenye tangi dogo vinaisha upesi, na samaki anakonda hadi kufa.

6. Chagua majirani. Chewa na mkunga watamla. Na ukimtibu ugonjwa kwa dawa yenye shaba, mhamishie tangi lingine, kwani shaba huua kamba na matumbawe.

Unapomnunua, uliza ametoka wapi. Gobi neon wa Karibiani huzalishwa kwenye matangi, hivyo si lazima atoke baharini. Usijichukulie mwenyewe ndani ya hifadhi za taifa za bahari kama Watamu, ni kosa kisheria. Na ukichoka kufuga, usimwachie baharini, anaweza kupeleka magonjwa. Mpe mfugaji mwingine.