Sayari jitu

Sayari jitu ni sayari nne kubwa zinazozunguka Jua nje ya ukanda wa asteroidi: Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Tofauti na Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, hazina uso mgumu ambao mtu angeweza kusimama juu yake. Mshtarii na Zohali zimejulikana tangu zamani kwa sababu huonekana kwa macho matupu. Uranusi iligunduliwa kwa darubini, na Neptuni kwa msaada wa hisabati.

Majina

Majina Mshtarii na Zohali yana asili ya Kiarabu (al-Mushtari, Zuhal). Yaliingia katika Kiswahili pamoja na maneno mengine mengi ya Kiarabu kupitia mawasiliano ya Bahari ya Hindi. Uranusi na Neptuni hazina majina ya jadi, kwa kuwa wataalamu wa kale hawakuzitambua kuwa sayari. Majina yake ya kimataifa yanatokana na miungu ya Wagiriki na Waroma wa kale.

Tabia

Mshtarii na Zohali huitwa majitu ya gesi, maana sehemu kubwa ya masi yake ni hidrojeni na heli. Uranusi na Neptuni huitwa majitu barafu, kwa sababu ndani yake kuna maji, amonia na methani kwa wingi. Methani katika angahewa inachangia rangi yao ya buluu-kijani.

- Mshtarii: kipenyo km 142,984 kwenye ikweta, masi mara 318 ya Dunia, huzunguka Jua kwa miaka 11.9
- Zohali: km 120,536, masi mara 95, miaka 29.5
- Uranusi: km 51,118, masi mara 14.5, miaka 84
- Neptuni: km 49,528, masi mara 17, miaka 165

Zote nne zina miezi mingi na bangili. Bangili za Zohali pekee ndizo rahisi kuonekana kwa darubini ndogo.

Historia ya ugunduzi

Januari 1610 Galileo Galilei wa Italia alielekeza darubini yake kwa Mshtarii akaona nukta za mwanga zilizobadilisha nafasi kila usiku. Zilikuwa miezi minne: Io, Europa, Ganimedi na Kalisto. Ugunduzi huo ulionyesha kwamba si kila kitu angani huzunguka Dunia. Mwaka 1676 Ole Rømer wa Denmark alitumia nyakati za kupatwa kwa Io kuonyesha kwamba nuru ina kasi yenye kikomo.

Galileo aliona pia umbo la ajabu la Zohali, lakini hakulielewa. Christiaan Huygens wa Uholanzi aligundua mwezi Titani mwaka 1655, na mwaka 1659 alieleza kwamba sayari hiyo imezungukwa na bangili bapa isiyoigusa.

Tarehe 13 Machi 1781 William Herschel, akiwa Bath nchini Uingereza, aliona kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe kitu alichodhani ni nyotamkia. Mahesabu ya obiti yalionyesha kuwa ni sayari mpya, Uranusi. Kumbe John Flamsteed aliwahi kuiandika mwaka 1690 akidhani ni nyota.

Baadaye Uranusi ilionekana kutofuata kikamilifu njia iliyokadiriwa. Urbain Le Verrier wa Ufaransa na John Couch Adams wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walikadiria mahali pa sayari isiyojulikana ambayo graviti yake huivuta. Tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle, akisaidiwa na Heinrich d'Arrest, aliikuta Neptuni kutoka Berlin, chini ya nyuzi 1 kutoka mahali alipotaja Le Verrier.

Bangili za Uranusi ziligunduliwa tarehe 10 Machi 1977 na wataalamu waliokuwa ndani ya ndege yenye darubini juu ya kusini mwa Bahari ya Hindi. Nyota moja ilififia mara kadhaa kabla na baada ya kufichwa na sayari. Chombo cha angani Voyager 2 kilipita karibu na Uranusi mwaka 1986 na Neptuni mwaka 1989. Hakuna chombo kingine kilichozifikia hadi sasa.

Kuonekana kutoka pwani ya Mtwara

Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo kila sayari jitu, inapofika kilele cha njia yake angani, husimama zaidi ya nyuzi 50 juu ya upeo wa macho, na mara nyingine hupita karibu na utosini. Huko London sayari hiyohiyo inaweza kufikia nyuzi 15 tu, ambako hewa nzito huharibu picha.

Wakati Dunia inapopita kati ya Jua na Mshtarii, jambo linalotokea kila baada ya miezi 13 hivi, sayari huchomoza mashariki Jua linapotua. Mtu aliyeko ufukweni Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, huiona ikitokea baharini. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, hufaa zaidi kwa kuwa mawingu ni machache.

Darubini ya kawaida ya mikono miwili, ikiegemezwa ili isitikisike, inatosha kuonyesha miezi minne ya Galileo. Mwanafunzi akichora nafasi zake kwa usiku kadhaa mfululizo, atapata ushahidi uleule wa mwaka 1610. Bangili za Zohali zinahitaji darubini inayokuza mara 25 au zaidi.