Kichocheo

Mpishi akiona moto unafifia, huchochea: husogeza kuni kwa kijiti, moto ukawaka. Kijiti chake ndicho kichocheo, na wanakemia wameliazima neno vizuri kwa dutu inayoharakisha mmenyuko bila yenyewe kuisha. Kuni huteketea, kichocheo hubaki.

Viwandani, kazi hiyo hufanywa mara nyingi na metali adimu na ghali, kama platini na rodiamu. Profesa Paul Chirik wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, anatafuta namna ya kukipa chuma nafasi hiyo. Mwaka 2012 kundi lake lilionyesha chuma kikichochea mmenyuko wa kutengeneza silikoni, kazi iliyozoeleka kwa platini.

Tusiwaachie neno hili wachochezi wa fitina. Heshima yake iko jikoni na maabarani.