Gari Lililotunzwa na Miaka ya Dhiki

Tangaza leo Morogoro mjini kwamba unauza Toyota Corolla ya mwaka 1980, rangi ya kiwandani, injini haijafunguliwa, kilometa 40,000, na dalali wa kwanza kukusikia atakuona muongo. Madalali wamezoea kuuza kwa herufi ya usajili: namba C, namba D, namba E. Gari la umri huo halimo katika hesabu zao, na kilometa 40,000 kwa zaidi ya miaka 40 wanaziona za kubuni. Tuzipige basi hesabu. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 190, kwenda na kurudi unakaribia 400. Gari hilo lingekuwa limekwenda Dar na kurudi kama mara 100 katika maisha yake yote, mara mbili au tatu kwa mwaka, siku nyingine likalala uani.

Kwa aliyeishi hapa miaka ya 1980, hakuna ajabu katika hesabu hiyo.

Magari madogo ya Kijapani yalichelewa kufika Afrika Mashariki. Yalizikuta barabara zikiwa za Morris, Austin, Volkswagen na Peugeot. Mwaka 1966, katika kipindi cha miezi michache, Nissan walitoa Datsun Sunny na Toyota wakatoa Corolla, yote mawili yakilenga familia ya Kijapani inayonunua gari kwa mara ya kwanza. Corolla ile ilikuwa na injini ya cc 1,077. Ilikuwa nyepesi, yenye ufundi rahisi, na kwa kuwa Wajapani hupita kushoto kama sisi, usukani ulikuwa tayari upande wa kulia.

Kilichowashawishi watu wa huku, naamini, ni mbio za magari za Safari kuliko tangazo lolote. Nissan walianza kuzishiriki mwaka 1963. Mwaka 1970 Edgar Herrmann akashinda na Datsun 1600 SSS, mwaka uliofuata akashinda tena na 240Z. Mwaka 1972 mbio zilianzia Dar es Salaam. Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda baada ya kulingana pointi na Harry Källström, wote wawili wakiwa ndani ya Datsun, na mwaka 1974 Joginder Singh akaleta ushindi wa Mitsubishi Lancer. Kila Pasaka watu walikaa karibu na redio kusikiliza nani amekwama wapi. Gari lililotoka zima kwenye tope la Safari halikuhitaji mtu wa kulisifia kwa mwalimu au daktari aliyekuwa akiwaza kununua.

Morogoro ilikuwa na sababu yake ya ziada ya kulijua jina la Japani. Mwaka huohuo wa 1970, Mbaraka Mwinshehe na wenzake wa Morogoro Jazz walisafiri hadi Osaka kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya dunia, Expo 70, na waliporudi wakatoa wimbo kuhusu safari hiyo. Mji ambao vijana wake wamepiga gitaa Osaka hauwezi kuliona gari la Kijapani kama kitu kigeni kabisa.

Kisha ikaja dhiki. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote, na gari lenye injini ndogo, kama Datsun 120Y ya cc 1,171, likapata thamani ambayo hata waliolibuni hawakuitarajia. Lakini hapa nchini tatizo halikuishia kwenye bei. Fedha za kigeni zilipungua, uagizaji wa magari ukawa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, na mnunuzi alihitaji kibali kabla ya kuhitaji pesa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza kilichobaki. Petroli ikawa ya foleni. Kuna kipindi magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na aliyechelewa njiani alijua atakutana na polisi. Plagi, mkanda wa feni, tairi: kila kitu kilitafutwa kwa kujuana.

Katika hali hiyo, mwenye gari hakulitumia bali alilitunza. Alitembea kwa miguu hadi sokoni na kulitoa gari kwa msiba, harusi au mgonjwa. Morogoro ilikuwa na watu wa aina hiyo. Kulikuwa na wahadhiri wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza hapa mwaka 1969 na kugeuka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984. Kulikuwa na walimu wa Mzumbe, na mameneja wa viwanda vya umma. Njia zao zilikuwa fupi, za lami, tambarare. Juu kwenye milima ya Uluguru, kuelekea Mgeta kwenye mboga au Kinole kwenye viungo na matunda, palikuwa pa Land Rover na lori. Corolla haikupelekwa huko, na ndiyo maana bushi na shokapu zake zimeweza kudumu.

Hali ya hewa nayo ilisaidia. Watu huiita Morogoro mji kasoro bahari, na kwa bati la gari kasoro hiyo ni baraka kubwa. Dar es Salaam upepo wa chumvi huanza kula chini ya milango na juu ya matairi kabla mwenye gari hajagundua. Hapa adui ni tope. Mteremko wa mashariki wa Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mji uliopo chini ya milima hupata chini ya nusu ya hiyo. Aliyelaza gari mjini, chini ya paa, na kuliosha uvunguni baada ya masika, amelikabidhi bati lake zima kwa watoto wake.

Hata hivyo dalali ana haki ya kushuku. Magari mengi ya enzi zile yana mita ya tarakimu tano. Ikifika 99,999 inarudi sifuri, kwa hiyo 40,000 inaweza kuwa 140,000. Fundi mzee hatazami mita. Anatazama raba ya pedali ya klachi, anaushika usukani kuona kama umesagika, anaufungua mlango wa dereva na kuunyanyua kidogo kupima bawaba, anakaa kwenye siti. Gari la kilometa 140,000 haliwezi kuvificha vyote hivyo.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, magari yakiwemo, na baada ya Ali Hassan Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985 milango ikafunguka zaidi. Miaka ya 1990 meli zilileta magari ya mtumba ambayo Wajapani waliyauza mapema kwa sababu ya ukaguzi wao wa lazima, ghali, unaorudi kila baada ya miaka miwili. Carina na Corolla za kuvutwa na tairi za mbele zikajaa. Datsun za zamani zikawa teksi, kisha mabanda ya kuku, kisha chuma chakavu. Hilo linaniuma. Magari yaliyovuka vita na foleni za petroli yalikatwa kwa kilo katika miaka ya neema.

Yaliyokatwa hayawezi kurudishwa. Gari lenye zaidi ya miaka 10 huongezewa ushuru linapoingia nchini, na hakuna atakayeleta Corolla ya 1980 ili alipe ushuru huo. Spea si ndoto: injini ya 4K ya cc 1,290 ni ya ukoo uleule uliofungwa kwenye LiteAce, na mafundi wanaojua kusafisha kabureta bado wapo. Anayeuza asikubali kulipiga rangi upya ili ling'ae kwa wiki mbili, wala asibadilishe injini kwa ya kisasa. Rangi iliyofifia ya kiwandani ndiyo ushahidi wake. Na kama kadi ya kwanza bado ipo, pamoja na risiti za matengenezo, mnunuzi akabidhiwe zote siku anayokabidhiwa ufunguo.