Harusi za Ronge zilizobaki ndani ya kanda

Katika nyumba nyingi za Ronge, kwenye milima ya Taita, deki ya video haipo tena, lakini kanda zipo. Zimepangwa juu ya kabati, nyuma ya vyombo vya wageni, na ubavuni zimeandikwa kwa kalamu: harusi ya shangazi, mazishi ya babu, ubatizo wa mapacha. Desemba watoto wakirudi kutoka Mombasa na Nairobi huzipangusa vumbi na kuzirudisha palepale. Hakuna wa kuzitazama, maana cha kuzichezea hakuna.

Kanda hizo ni za mtindo wa VHS, uliotolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Sony ilikuwa imetangulia kwa mwaka mmodi na Betamax yake, iliyosifiwa kwa picha safi. VHS ilishinda kwa sababu kanda yake ilirekodi muda mrefu zaidi, na kwa sababu JVC iliruhusu kampuni nyingine kutengeneza mashine hizo, bei ikashuka. Ushindi huo ndio ulioamua harusi zetu zirekodiwe kwenye nini.

Milimani mambo yalichelewa kwa sababu ya ukosefu wa stima. Televisheni ilikuwa imeanza Nairobi mwaka 1962, na Mombasa ikapata kituo chake mwaka 1970, lakini mashambani kote nchini watu walisubiri mpaka runinga ndogo za Great Wall zilipoingia, zile zisizo na rangi zilizokubali betri ya gari ya volti 12. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Wakenya wa vijijini walianza kununua paneli ndogo za sola kwa pesa zao wenyewe, jambo lililokuwa bado adimu Afrika, na wengi walizinunua kwa ajili ya taa na runinga. Deki ilikuwa habari nyingine. Ilitaka volti 240, kwa hivyo palipokuwa na video palikuwa na jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba.

Ndipo akaja kameramani. Alibeba kamera nzito begani, na kijana nyuma yake akishika taa kali na kuvuta waya. Kanda ya E-180 ina utepe wa mita 258 hivi na huchukua saa tatu, basi mwenye kamera aliiacha izunguke. Ilimeza kila kitu: akina mama wakipakua chakula, lori likikwama kwenye tope, mzee akitoa nasaha bila haraka kwa Kidawida, lugha yetu, watoto wakipigana vikumbo waonekane. Watazamaji wa leo huona uvivu, hutaka kurukia keki. Mimi nasema saa hizo ndefu zisizokatwa ndizo mali yenyewe. Humo mna sauti na matamshi ya wazee ambao hakuna aliyewahoji wakiwa hai, na mna milima ilivyokuwa kabla ya nyumba na barabara za leo.

Jamaa waliokuwa Marekani nao walituma kanda zao, na nyingine zilipotiwa kwenye deki picha ilikimbia au ikakosa rangi. Kule walitumia mfumo wa picha wa NTSC, wenye mistari 525. Kenya tulifuata PAL ya mistari 625. Kanda za namna hiyo zisitupwe kwa kudhaniwa mbovu.

Kufikia miaka ya 2000 kanda ilianza kusukumwa kando na sidii za video, yaani VCD. VCD moja ilichukua dakika 74 au 80, ndiyo maana harusi moja ilikuja kwa sidii mbili au tatu, na ile ya pili kila mara ndiyo iliyopotea. Baadaye ikaja DVD. Wengi waliohamisha kanda zao walitupa kanda, na hilo lilikuwa kosa, kwa kuwa diski ya kuchomwa nyumbani huhifadhi picha kwenye tabaka la rangi linalochakaa kwa joto na mwanga. Juu ya runinga, jua la Voi likiingia dirishani, haikuchukua muda kukwama.

Simu za bei nafuu zikafuata, watu wakaanza kujirekodia wenyewe. Mwaka 2011 simu ya Huawei Ideos iliuzwa nchini kwa chini ya shilingi 10,000. Mwaka 2015 mitambo ya analogi ikazimwa, kila nyumba ikatafuta king'amuzi, na runinga nyingi za zamani zikapelekwa stoo pamoja na deki. Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kwa kuunda deki mpya, ikafunga kazi hiyo. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha IASA cha wahifadhi wa sauti na picha walionya kwamba kufikia 2025 mashine za kuchezea kanda zingekuwa taabu kupatikana. Mwaka huo ulishafika.

Milima yetu nayo haizihurumii kanda. Ronge Juu kuna unyevu wa msitu, na kuvu hupenda gundi inayoshikilia unga wa sumaku kwenye utepe. Shika kanda yako, bonyeza kitufe kidogo kilicho ubavuni, inua kifuniko utazame. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, usiitie kwenye deki: utachafua vichwa vya mashine na kuziambukiza kanda za jirani. Mpelekee fundi aisafishe kwanza. Iliyo safi ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa, kisha ichezwe mara moja tu, huku deki imeunganishwa kwa nyaya za njano, nyeupe na nyekundu na kifaa cha kunasia video kwenye kompyuta. Kanda ya saa tatu itachukua saa tatu. Hakuna njia ya mkato. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti, na ukimtumia ndugu kwa WhatsApp itume kama dokumenti, kwani ikitumwa kama video ya kawaida huminywa na kupoteza ubora.

Anzeni na kanda yenye sauti ya mzee aliyekwisha kufariki. Kama bado kuna deki inayofanya kazi kijijini, jirani wachange pesa, waitengeneze na kuitumia kwa zamu kabla haijauzwa kama chuma chakavu.