Kutoka hela hadi nyati: sarafu zetu na mahari ya bibi harusi



Sisi tunaoshona magauni ya harusi hapa Tarime, na wateja wetu wa Sirari na Mugumu, Serengeti, tunashika sarafu kila siku kwa chenji ya uzi, sindano na vifungo. Historia yake inagusa haki ya bibi harusi, kwa hiyo leo tuizungumze.

Tuanze na majina. Neno pesa lilitujia kutoka India. Mjerumani alipotawala bara, rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 akabadili hesabu, rupia ikawa heller 100, nasi tukabaki na neno hela mpaka leo. Baadaye akaja Mwingereza, na mwaka 1921 ikaanza shilingi ya Afrika Mashariki, yenye picha ya simba. Ndururu, yaani senti tano, ilikuwa na tundu katikati, hivyo mtu aliweza kuzitunga kwenye uzi. Ndugu zetu wa Zanzibar waliendelea na rupia yao hadi 1936.

Mwaka 1966 Benki Kuu ikatoa sarafu za Tanzania, zenye sura ya Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, huku huku kwetu Mara. Senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na shilingi moja Mwenge wa Uhuru. Shilingi hiyo moja ndiyo iliyokuwa sarafu kubwa.

Miaka ya 1990 wakaingia wanyama tunaowaona Serengeti: tembo kwenye shilingi 20, faru kwenye 50, swala kwenye 100, simba kwenye 200. Mwaka 2014 akaja nyati kwenye 500, ambayo kabla ya hapo ilikuwa noti. Senti zote zimepotea madukani.

Sasa dada, sikiliza hesabu hii. Mwaka 1980 noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Mwanamke aliyeandikiwa mahari ya deni ya shilingi 500 mwaka ule alikuwa anadai noti kubwa tano. Akilipwa leo kwa hesabu ileile, anawekewa mkononi sarafu moja ya nyati. Deni limelipwa, lakini thamani imeyeyuka.

Wakurya wa hapa huhesabu mahari kwa ng'ombe, na ng'ombe hazeeki kwenye daftari kama shilingi. Ila ng'ombe wale huenda kwa wazazi. Katika dini yetu mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe, kama Suratun Nisaa aya ya 4 inavyoamrisha wanawake wapewe mahari yao.

Kwa hiyo, mpenzi, ukiulizwa unataka nini, usione haya kusema. Ikiwezekana pokea taslimu. Kama sehemu itabaki deni, zungumza na walii wako na shehe kabla ya siku ya ndoa, iandikwe kwa kitu kinachoshika thamani: gramu za dhahabu, ng'ombe au hata cherehani. Hakuna ubaya mahari kuwa ndogo. Muhimu ni kwamba ulichoahidiwa ndicho kikufikie.

Allah awajaalie ndoa zenye baraka. Aamin.